Mafuta ya Upako Juu ya Mashini ya Etiketi

Vita ilipoingia Goma, patron wangu alipoteza depo yake kubwa ya kule. Alibaki na hii ndogo ya mtaa wa Hewa Bora, na mama yake mzazi, aliyetufikia Lubumbashi na mfuko mmoja wa nguo. Bidhaa za Kivu zikakatika. Tukaanza kufunga karanga za Kasomeno kwenye pakiti, na duka moja kubwa la mtaa wa Golf likakubali kuzijaribu Jumamosi, kwa sharti kwamba kila pakiti iwe na etiketi yenye msimbo wa mistari, na usomeke. Ikishindikana, patron alisema, anafunga mlango, na mimi na wapagazi wawili tunarudi nyumbani.

Kazi ya etiketi nilipewa mimi, kwa kuwa nina diploma ya enformatiki na nilikuwa naitaja hata mahali ambapo hakuna aliyeuliza. Sisi watoto wa Wakasai diploma hatuifichi chini ya godoro.

Jumatatu niliingiza programu kwenye kompyuta, nikaipa vipimo vya etiketi, nikachapa ya kwanza na kuipitisha kwenye kisomaji cha msimbo. Kisomaji kikalia tii! Wapagazi wakapiga makofi. Mama wa patron akauliza wino unawekwa wapi. Kichwa kikanivimba, nikafungua kifuniko cha mashini ya kuchapa.

"Mama, hii haina na wino. Iko nachoma karatasi na moto tu. Unaona hii mustari ya mweusi? Njo moyo yake."

"Njo moyo yake," akarudia polepole, kama mtu anayeshika anwani.

Jumanne asubuhi etiketi zilitoka na doa jeupe katikati ya msimbo. Kisomaji kimya. Nikabadili vipimo, nikapunguza kasi, nikaongeza weusi. Saa sita mchana mistari ikatoka safi, nami nikatangaza kwamba nimepata dawa. Jumatano asubuhi, ugonjwa uleule. Nikafuta programu, nikaiweka upya, na saa sita ikapona. Alhamisi nililaumu umeme. Ijumaa nililaumu aliyetunga programu, pamoja na ukoo wake wote, nikapiga meza teke na kuumia kidole cha mguu.

Patron alisimama mlangoni akinitazama.

"Na ile diplome," akauliza, "leo iko nasema nini?"

Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Siku zile Lubumbashi kazi nyingine hukuipata hata kwa kufunga na kuomba.

Kuomba kwenyewe nilikuwa mvivu. Depo yetu ilifunguliwa kila asubuhi kwa sala, na sala hiyo nilikuwa naichelewa kwa makusudi. Lakini Jumamosi niliwahi kuliko wote, ili nimkamate adui yangu kabla hajaanza kazi. Nikamkuta mama wa patron peke yake mbele ya mashini. Kifuniko kiko wazi. Mkono mmoja umeshika kichupa cha mafuta ya upako, na kidole cha mkono wa pili kinachora msalaba juu ya ule mstari mweusi, palepale nilipomwonyesha.

Kumbe kila siku joto la kuchapa lilikuwa linakausha yale mafuta polepole, ndiyo maana ilipofika saa sita mchana mimi nilikuwa fundi.

Natamani kusema nilicheka. Nilipiga kelele.

"Mama! Ile mafuta njo inatuua!"

Hakushtuka. Alifunga kichupa kwa utaratibu.

"Kule Goma, depo sikuipakaka mafuta," akasema. "Nilisema Mungu anaijua. Na mumeona."

Hasira yote ikaniishia, nikaona aibu. Nilichukua pamba na alkoli, nikapangusa ule mstari, nikachapa. Kisomaji kikalia tii! Lakini mama alikuwa bado amesimama pale, kidole kinang'aa mafuta, hajui akipeleke wapi. Nikainama mbele yake.

"Mama, nilikudanganya. Moyo ya ile mashini njo miye. Unipake miye."

Akanipaka kwenye paji la uso, bila ubahili, mafuta yakateremka mpaka jichoni. Nilichapa etiketi zote nikiwa na jicho moja. Mchana kule Golf kisomaji chao kililia kuanzia pakiti ya kwanza mpaka ya mwisho, na depo ikabaki wazi.

Sala ya asubuhi sikuichelewa tena. Nilijua nisipotokea kupakwa, yule mama atafungua kifuniko.