Injini Tatu Zilivyoamua Kesi ya Baba na Baba Mdogo

Alhamisi moja, saa nane mchana, injini tatu za sataranji zilikubaliana kwa mara ya kwanza. Zilipokubaliana tu, nikajua baba yangu amenidanganya miaka tisa.

Dakika arobaini baadaye zikanionyesha kuwa baba mdogo naye amenidanganya miaka hiyohiyo.

Tulieni niwasimulie. Kisa kinaisha leoleo, hakuna kusubirishana.

Mimi ni mshonaji wa vitambaa vya makochi. Nafanya kazi kwa baba, fundi sofa. Mdogo wake, yaani baba mdogo, naye fundi sofa. Ukumbi ni mmoja, umekatwa katikati kwa plaiwudi. Upande huu baba, upande ule baba mdogo.

Cherehani kubwa ya kushonea ngozi waliinunua pamoja, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Basi imekaa mlangoni, pale plaiwudi ilipoachwa tundu. Leo anatumia huyu, kesho yule.

Kuongea hawaongei. Wanaongea na mimi.

"Mwanangu, mwambie huyo mtu apunguze redio."

"Mwambie huyo mtu nimesikia," baba mdogo anajibu, hatua tatu kutoka hapo.

Redio inapunguzwa. Mimi hata mdomo sijafungua.

Chanzo cha yote haya ni sataranji. Msicheke.

Zamani walikuwa wakicheza kila mchana wakishamaliza kula, ubao juu ya stuli, wao wamekalia makochi ya wateja. Siku moja rola la sponji lililoegemezwa ukutani likaanguka juu ya ubao. Kete zikatawanyika hadi uvunguni.

Baba akasema alikuwa anakaribia kumfunga mdogo wake. Baba mdogo akasema thubutu, yeye ndiye aliyekuwa anafunga, na rola halikuanguka, lilisukumwa. Baba akamwambia aache utoto. Baba mdogo akajibu maneno ambayo hapa siyaandiki, kuna watu wazima humu.

Jumatatu yake plaiwudi ikapanda.

Tangu hapo kila mmoja kanihakikishia mara mia kuwa siku ile alikuwa anashinda. Nami nimekaa katikati, naitikia pande zote kama kengele ya mlangoni.

Sasa, Jumanne ya wiki ninayoisema, mama mwenye jengo akaja na mkataba mpya. Mmoja tu.

"Nimechoka kuandikiana na watu wawili kwenye ukumbi mmoja," akaniambia. "Ijumaa saa sita wakae meza moja wasaini karatasi moja. Wakishindwa, kuna muuza magodoro anautaka ukumbi wote."

Nikampelekea baba habari. Akaendelea kung'oa pini kwenye kochi kuukuu.

"Meza moja na yule? Ataanza na habari za ule mchezo."

Nikazunguka kwa baba mdogo. Alikuwa anapaka gundi.

"Nikikaa naye atanikumbusha ule mchezo," akasema. "Bora magodoro."

Jamani. Watu wazima wawili, vibarua sita na mimi mwenyewe, wote tutolewe barabarani kwa sababu ya rola la sponji.

Nikaona dawa ni moja. Kesi hii ipate hukumu.

Kwenye laptopu yangu nina programu ya sataranji. Yenyewe ni ubao tu, haina akili. Akili ni injini, na injini unapakia mwenyewe. Uzuri wa programu ile ni kwamba unaweza kupakia injini kadhaa, zote zikatazama ubao mmoja kwa wakati mmoja, kila moja ikatoa maoni yake kwenye kidirisha chake.

Ningeweka moja, aliyeshindwa angesema nimeipanga. Nikaweka tatu, kama jopo la majaji.

Jumatano nikazifanyia majaribio. Aisee, zile injini zina tabia kama watu. Ya kwanza ina papara, sekunde mbili tu imeshatoa jibu, kisha inabadilisha, kisha inabadilisha tena. Nikaiita Mropokaji. Ya pili kila kitu inataka kushambulia, hiyo ni Mgomvi. Ya tatu inakaa kimya weee, halafu inatoa neno moja na halibadiliki. Nikaiita Karani.

Kila mchezo niliowapa walivutana. Huyu anasema nyeupe yuko vizuri, yule anasema nyeusi, Karani anasema sare. Nikasema moyoni, hapa nimeongeza plaiwudi nyingine.

Alhamisi nikamfuata baba na kipande cha karatasi.

"Baba, nichoree ule ubao wa siku ile. Najifunza."

Akanitazama kitambo. Kisha akachora. Miaka tisa, na mkono haukusita hata mara moja.

Baba alikuwa na kete nyeupe, na zamu ilikuwa ya nyeusi. Kila upande ulikuwa na askari, ile kete ndogo kuliko zote, anayekimbilia mwisho wa ubao. Akifika anageuka malkia, na hapo mchezo umekwisha. Kwa hiyo lilikuwa suala la nani anafika kwanza.

Nikaingiza kila kete mahali pake.

Mropokaji akasema nyeusi. Mgomvi akabisha kidogo, kisha naye akasema nyeusi. Karani akanyamaza, akatoa neno lake. Nyeusi anashinda, hakuna njia ya kumzuia.

Wote watatu. Nyeusi alikuwa baba mdogo.

Nikakaa chini. Baba yangu, ambaye hajawahi kunipunja hata sentimita ya kitambaa, kumbe siku ile alikuwa anafungwa, na anajua.

Nikasema sawa, ngoja nimpe mshindi haki yake. Ila hukumu ya upande mmoja si hukumu. Nikazunguka kwa baba mdogo, nikamwomba naye achore.

Akachora nyuma ya kadi ya sampuli za rangi. Naye hakusita.

Nikaingiza. Mropokaji akasema nyeupe. Mgomvi, nyeupe. Karani, nyeupe, tena bila kuchelewa.

Nikadhani nimekosea. Nikafuta, nikaingiza upya. Nyeupe.

Nikaziweka zile karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Kila kete ilikuwa palepale, isipokuwa moja. Askari wa baba. Kwenye karatasi ya baba yuko hatua moja nyuma, anachelewa. Kwenye karatasi ya baba mdogo yuko hatua moja mbele, anawahi.

Kila mmoja alikuwa amenichorea ubao ambao yeye mwenyewe anafungwa.

Saa kumi nikaweka laptopu juu ya cherehani, pale mlangoni, nikawaita. Wakaja, kila mtu amebaki upande wake, macho kwenye kioo.

Nikawaonyesha ya baba. Nikawaonyesha ya baba mdogo.

Baba mdogo ndiye aliyeanza kusema, na kwa mara ya kwanza hakupitia kwangu.

"Kaka, ulijua lini?"

"Siku ya tatu. Niliupanga tena nyumbani, nikaona umenifunga. Na wewe?"

"Jioni ileile. Niliona askari wako ananiwahi."

"Sasa mbona ukaleta plaiwudi?"

Baba mdogo akaanza kubandua gundi iliyokauka vidoleni.

"Nilikuwa nimeshakutukana, kaka. Nilikosa uso wa kukutazamia."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa shati, na shati lenyewe lina vumbi la sponji.

"Mimi nilikuwa nangoja uje udai ushindi wako nikuombe radhi. Hukuja."

"Nilikuwa nangoja wewe uje."

Nilitoka nje kidogo. Nilisingizia naenda kununua uzi.

Niliporudi wanagombana. Nikasikiliza vizuri.

"Ulikuwa umenifunga wewe," baba anasema. "Askari wangu alikuwa nyuma."

"Acha hizo, kaka. Alikuwa mbele. Namkumbuka."

Wakanigeukia. "Ziulize hizo mashine zako, alikuwa wapi?"

Nikawaambia haziwezi kujua. Zinahesabu mamilioni ya hatua, lakini zinaanza kuhesabu pale tulipoziambia askari amesimama. Injini tatu, na hakuna hata moja iliyokuwepo siku ile.

Ijumaa mama mwenye jengo alifika akawakuta meza moja, bado wanabishana, kila mtu anamsukumia mwenzake ushindi. Akageuka aondoke, nikamshika mkono. Walisaini huku wanabishana. Baba mdogo alikosea mstari, tukaomba nakala nyingine.

Sasa funzo, kwa wale mnaopenda kuruka mpaka mwisho.

Kama kuna ndugu mmechuniana, usianze na kutafuta nani alikosea. Muulize tu siku ile anaikumbukaje, halafu nyamaza asimulie mpaka mwisho. Mimi nilitafuta majaji watatu ili nimpate mshindi, nikakuta wazee wawili ambao kila mmoja alishajihukumu peke yake kitambo, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.