Mchele Usio na Mawe

Mtaa wetu wa Buyenzi ulijisifu sana wakati wa vita. Kwetu hakuna ubaguzi, tulisema. Aliyekimbia bunduki, atoke kokote, alale kwetu. Sikatai, walilala. Lakini mimi nilikua na dada asiyeona, ambaye akili yake haikukua pamoja na mwili, kwa hiyo najua huo wema wetu ulikuwa unaishia wapi. Uliishia kwenye mkeka wa wanawake wenye harusi.

Dada alinizidi miaka kumi. Surua ilimpofusha akiwa mdogo, na hesabu yake ilikoma kwenye tatu. Baada ya tatu yote yalikuwa "mengi". Lakini kuchagua mchele alijua kuliko sisi sote. Miaka ile ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, mchele wa sokoni ulikuwa nusu chakula, nusu kokoto. Yeye aliutandaza kwenye sinia kwa viganja, vidole vikapita punje kwa punje. Kila jiwe alilidondosha kwenye kifuniko cha kopo, kisha akatulia kidogo kusikiliza lilivyolia. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutafuna jiwe.

Wanawake wa mtaa waliyajua hayo. Wakipita mlangoni walisema, "Masikini, huyu ni mutu wa peponi moja kwa moja." Pepo waliigawa kama karanga, kwa kuwa haikuwa yao. Kumwalika harusini, hawakumwalika.

Shangazi alipokuwa anamwoza binti yake, dada aling'ang'ania siku tatu mfululizo: "Na mi naenda kuchagua muchele." Mama akamwombea nafasi. Shangazi akakubali kwa sauti kubwa, ili majirani wasikie.

Asubuhi ya harusi nilimwongoza mimi. Mama alibaki, maana siku zile nyumba haikuachwa tupu. Dada alivaa kitenge kipya na kikuku cha shanga nyekundu. Karamu ilikuwa ya mchana, kwa sababu jioni tulikatazwa kutoka nje, na wanawake kumi na tano walikuwa mkekani wakichagua mchele, wakikimbizana na saa. Shangazi akamkalisha dada kando, ukutani, halafu akanivuta pembeni.

"Mupatie sinia yenye ilishachaguliwa," akaninong'oneza. "Akimaliza, zunguka nayo kidogo, umurudishie ile ile. Afurahi tu. Kichwa yake haiwezi kujua."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na miaka ishirini, na ulimi mrefu kwa kila jambo lisilo na maana. Nikambebea.

Sinia la kwanza alilipapasa mpaka mwisho. Hakupata kitu.

"Mawe iko wapi?" akauliza.

"Leo muchele ni safi, dada," akajibu mwanamke mmoja, na papo hapo akadondosha jiwe kwenye kifuniko chake. Ti. Upande wa pili, ti. Sijui walidhani asiyeona hasikii pia. Na hao ndio waliokuwa na akili timamu.

La pili vilevile. Alipomaliza alikaa muda, mikono yote miwili ndani ya mchele, kisha akaninyooshea sinia mwenyewe. Nikazunguka nalo nyuma ya masufuria, nikarudi. Mara hii hakuchagua. Alitafuta kitu kimoja tu, haraka haraka, akakipata, akakiinua juu. Ulikuwa ushanga wa kikuku chake.

"Hii ni yangu," akasema. "Niliiweka mi. Munanipatia ile ile."

Yule ambaye kichwa chake hakiwezi kujua alikuwa amewatega watu wazima kwa ushanga mmoja, na mtego ukatunasa sote. Shangazi akacheka, kicheko cha kufunika aibu.

"Tulitaka ufurahi, mutoto wangu."

"Mi nilikuja kufanya kazi," dada akasema.

Unadhani walimpa sinia lenye mawe? Walimletea Fanta. Akaiacha chini, akasimama, nikamrudisha nyumbani. Njiani hakutaka mkono wangu. Alipapasa kuta za watu, nyumba hadi nyumba, nami nikifuata nyuma kama mtu mwenye adabu.

Pilau ile ilikuwa na mawe. Nilirudi kuila, ndiyo, na nilifurahi kila jino la mgeni lilipogonga. Nilimwona bwana mmoja mwenye kanzu nyeupe akitema kwenye leso, moyo wangu ukaburudika. Niliwadharau wote, mmoja mmoja, shangazi kwanza, huku natafuna nyama yao. Wapumbavu wenye macho. Nilijiona nina haki kabisa, kana kwamba lile sinia lilikuwa limejibeba lenyewe.

Kesho yake asubuhi nilimwekea dada mchele wa nyumbani mapajani, na kifuniko pembeni. Ulikuwa mchele wa sokoni, haujaguswa na mtu, mawe tele. Dada hakutia mkono. Akageuzia uso uani, mama alikokuwa akifua.

"Mama," akaita, "kuja ushike kwanza. Hii ni ya kweli?"