Mchoro wa Nyumba Isiyo na Mlango

Mkono wangu haukujua kuchora, na nililijua hilo kabla hata ya kuambiwa. Tulikuwa wasichana wachache katika chuo cha ualimu cha misheni, nje kidogo ya mji wa Nakuru, miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Kila Jumamosi asubuhi tulifundishwa kuchora, maana mwalimu wa watoto wadogo alitakiwa aweze kuweka kikombe, kuku au nyumba ubaoni, na watoto wavitambue bila kuelezwa. Kuku wangu walifanana na mabuli ya chai.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, wa sauti ya chini. Hakuwa mkali. Alibandika kazi zetu ukutani, kisha kila msichana akasimama mbele ya kazi ya mwenzake na kutaja jambo moja zuri na moja la kurekebishwa.

"Semeni juu ya mstari," alitukumbusha. "Mstari unakwenda wapi? Kivuli kiko upande gani? Mengine si kazi yetu."

Zamu yangu ilipofika, wenzangu walilitafuta hilo zuri mpaka wakachoka. Mmoja, kwa huruma, alisema, "Karatasi yake ni safi." Darasa zima likacheka. Nikacheka nao, halafu nikaenda chooni kulia. Niliona kabisa kwamba nitafukuzwa, nirudi nyumbani kwa mama bila cheti, kwa sababu ya kuku.

Aliyenisaidia ni msichana ambaye kitanda chake kilikuwa kando ya changu. Wazazi wake waliishi upande wa Elmenteita, katika shamba la mzungu ambako baba yake alikuwa mkamaji wa ng'ombe. Huyu alichora kama mtu anayeandika jina lake. Jioni moja, tukingoja kengele ya chakula, aliweka kikombe cha bati mbele yangu.

"Wewe unachora unachokijua," alisema. "Unajua mdomo wa kikombe ni duara, basi unachora duara. Hebu kitazame kwanza. Toka hapo ulipokaa, ni duara kweli?"

Nikatazama. Haukuwa duara. Ulikuwa mwembamba kama jicho la mtu anayesinzia. Nikauchora hivyo, na kwa mara ya kwanza kikombe changu kikakaa mezani badala ya kuning'inia hewani.

"Umeona?" akasema. "Si mkono wako ulio mbaya. Ni haraka tu."

Hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa upole namna ile.

Tuliporudi kutoka likizo, rafiki yangu alikuwa amekonda na haongei. Sikumuuliza, siku hizo wengi walirudi hivyo. Jumamosi ya kwanza mwalimu alituambia tuchore kwa kumbukumbu nyumba tunayoijua vizuri. Mimi nilichora kanisa, kwa kuwa lina kuta nene na madirisha machache. Yeye alichora nyumba ya udongo iliyoinama upande mmoja, paa limeshuka karibu liguse ardhi, na mahali pa mlango pakiwa peusi. Weusi huo aliupata kwa kusugua penseli mpaka karatasi ikang'aa.

Nikaitwa mimi niiseme kazi yake.

"Kivuli kiko mahali pake," nilisema.

"Na la kurekebishwa?"

"Sioni, mwalimu."

"Huoni kuta zimeinama?"

"Mistari ni sawa, mwalimu. Nyumba ndiyo imeinama."

Wengine wakacheka kidogo. Mwalimu hakucheka. Alimgeukia rafiki yangu na kumwambia kwa utulivu kwamba ukuta husimama wima, na kwamba nyumba bila mlango haijaisha kuchorwa.

"Haina mlango, mwalimu," rafiki yangu akajibu. "Askari waliuvunja siku ya msako, wakang'oa na nguzo. Bwana wa shamba amekataza tusiweke mwingine, ili waweze kuchungulia ndani wakati wowote."

Uso wa yule mama ukawa mwekundu. Alitazama mchoro, akatazama dirishani, kisha akachukua rula mezani na kumpa.

"Hapa tunajifunza kuchora tu," alisema. "Rudia."

Akarudia. Kuta akazinyoosha, paa akaliinua, mlango akauweka, wa mbao, na kitasa chake. Wiki iliyofuata mwalimu aliusifu mchoro huo mbele ya darasa, akasema hivyo ndivyo mtu anavyokubali kurekebishwa. Ukabandikwa juu ya ubao, mahali pa heshima. Ule wa kwanza sikuuona tena.

Usiku wa siku hiyo rafiki yangu hakula. Nilimwambia mchoro wake ni mzuri, maana sikujua la kusema.

"Ni mzuri," alijibu. "Lakini hapo hatukai sisi."

Tangu hapo alichora kila alichoambiwa, haraka, bila kutazama. Jioni nilimpelekea kazi zangu na akasema tu, "Sawa." Nilizipeleka hata zile mbovu makusudi, nimwone akikasirika. "Sawa," akasema.

Kabla ya muhula kuisha, watu wa shamba lao walipakiwa kwenye malori mpaka stesheni ya Nakuru, warudishwe riziavu, eneo lililotengewa kabila lao, mahali ambapo yeye hakuwahi kukanyaga. Chuo kiliambiwa aende na wazazi wake. Aliondoka asubuhi tukiwa darasani. Tulipotoka, godoro lake lilikuwa limekunjwa. Nilimwandikia kwa anwani ya misheni moja ya huko. Sikujibiwa.

Mimi nilipita mtihani, na nikapangiwa shule moja karibu na Bondeni. Watoto walipoleta michoro yao mezani, nyumba zenye ua wa miiba, watu bila miguu, niliitazama mmoja mmoja. Nilikaa na kalamu mkononi. Siku moja mkaguzi alipitia kazi zao na kuniuliza kwa nini sijasahihisha hata moja.

"Siwezi kujua zipi ni makosa," nilimwambia.

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Muhula uliofuata somo la kuchora alipewa mwalimu mwingine, nami nikapewa ushonaji.