Dishi Lililotazama Kibo

Kwanza nikiri: dishi la mtandao nililielekeza kilele cha Kibo, siku nane nzima. Kila asubuhi nilipanda ngazi, nikalifuta umande, nikalisogeza kidogo kushoto, nikashuka kungoja. Mtu na cheti chake cha kidato cha nne! Lakini sisi wa Uru maji hutujia kwa mfereji kutoka juu, mvua kutoka juu, baridi kutoka juu. Nikaona mtandao nao utateremka tu.

Mtandao wenyewe ulikuwa chini, kwenye paa la shule ya misheni, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mwalimu mkuu alikubali kunigawia. Alinikaribisha pia niutumie palepale shuleni, ila mimi kuvuka geti letu huwa nataka sababu mbili, na safari hii nilikuwa na moja.

Moja, lakini nzito. Mdogo wangu wa kiume aliyeko ughaibuni alikuwa amepata mtoto wa kwanza, msichana, na kama ilivyo kwetu akampa jina la mama yetu. Picha ilikuja kwa barua pepe. Macho ya mama yalikuwa yanafifia, magoti hayamruhusu kushuka mpaka shuleni, na alitaka amwone wajina wake angali anaona.

Nilianza na simu, ile niliyoivaa kiunoni kama watu wote wa maana wa miaka ile. Mtandao wa simu nausifu: unakufuata mpaka zizini. Ila mwendo wake! Picha ilifunguka paji la uso, ikakatika. Mama akalisifu paji.

Ndipo nikamwita fundi kutoka Himo, dada mwembamba mwenye bisibisi kwenye nywele. Alilitazama dishi, akatazama lilikotazama.

"Kaka, kule unatafuta nini?"

"Mtandao."

"Kule kuna barafu."

Kwa heshima alingoja ashuke ngazi ndipo acheke. Kisha akanieleza, na sijasikia mwalimu aliyefundisha vizuri kuliko yeye. Mnara wa simu, alisema, ni kengele ya kanisa: inasikika kila upande, lakini haina maneno mengi. Dishi kwa dishi ni watu wawili wanaoongea ng'ambo na ng'ambo ya bonde: watasemezana mengi, mradi wanaonana. Na kile kiboksi cha ndani kilichoungwa na dishi ni moto wa jikoni: wote mlioko chumbani mnaota, mkitoka nje mmeuacha.

Aligeuza dishi likatazama shule. Taa ya kiboksi ikawaka, ikazimika. Katikati ilisimama migomba ya jirani, imelowa mvua, na majani yenye maji, alisema fundi, huyanywa mawimbi ya mtandao yasifike.

Sababu ya pili hiyo. Nikavuka geti mpaka kwa jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka nje? Nani amekufa?"

Nikamweleza.

"Nikate migomba yangu kwa ajili ya sahani yako?"

"Majani tu, mama. Bibi yake anataka kumwona mtoto."

Jirani alijua mtoto yule ana jina la nani. Wamelima mpaka mmoja na mama tangu walipoolewa. Alichukua mundu, akayakata mwenyewe yote yaliyoziba, bila kujeruhi mkungu hata mmoja, na mimi nikasomba mzigo wote mpaka kwa ng'ombe wake. Mgongo uliniuma wiki nzima, lakini mkono ule wa mundu mpaka leo nauvulia kofia.

Taa ikawaka, ikabaki. Kwenye kompyuta mtoto akafunguka kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Mama akasogeza uso hadi karibu aguse kioo. Akamwita kwa jina lake mwenyewe, taratibu, mara mbili, kama anayemjaribishia nguo.

Jirani, aliyenifuata ndani na mundu bado mkononi, aliinama nyuma yake, akamtazama mtoto, akanigeukia mimi, akamtazama mtoto tena. Akasema:

"Mtoto mzuri. Ashukuru Mungu hakuchukua pua ya baba yake mkubwa."