Hapakuwahi Kuwa na Kituo Hapa

Mwenzangu, mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la nne, na sababu yake nitakueleza, maana ndiyo iliyonifanya nichukue daftari la mjukuu wangu nikaanza kuliharibu. Mwezi uliopita mtu mzima na akili zake alisimama mbele yangu, porini kati ya Tabora na Kaliua, akaniambia kwamba mahali nilipozaliwa hapakuwahi kuwepo. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki vizuri.

Hakusema kwa ubaya. Ni afisa wa reli, umri wake kama wa kitindamimba wangu, kavaa koti la manjano la kung'aa, na aliniamkia vizuri. Alikuja kwa sababu wanakijiji wa pale waliandika barua kuomba treni ya kawaida isimame kwao, walau Jumatatu na Ijumaa, watoto waende shule na kurudi. Binti yangu ameolewa kijiji hicho. Mjukuu wangu wa kike yuko kidato cha pili, na simsifu kwa kuwa ni wangu, lakini kwenye hesabu mwalimu humwita ubaoni awaeleze wenzake. Shule iko stesheni ya mbele. Masika barabara ikikatika, basi halipiti wala bodaboda haipiti, basi mtoto anakaa nyumbani wiki tatu akiangalia treni ikimpita mlangoni. Mwaka huu alianza kusema, "Bibi, labda niache tu nikajifunze kushona." Maneno hayo yaliniunguza kama kijinga cha moto. Nilikuwa nimeshayasikia, miaka mingi iliyopita, yakitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Wakaniita kutoka Ntalikwa ninakokaa, kwa kuwa ndimi niliyebaki ninayejua kwamba treni ilisimama pale.

"Bibi," afisa akasema huku akipekua simu yake kubwa, "nimeangalia kumbukumbu zote. Hapakuwahi kuwa na kituo hapa."

Nikamwambia, "Mwanangu, umekanyaga jiko la mama yangu."

Akatazama chini. Mafiga matatu bado yapo, yameota nyasi. Akasogeza mguu, lakini simu hakuisogeza.

Basi nikueleze wewe, maana yeye alikuwa na haraka. Pale paliitwa Gengi Nane. Nyumba kumi na mbili za mawe, kila moja chumba na bati, zimeipa reli mgongo. Wanaume walikuwa wa gengi, yaani watu wa kutunza njia: kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, kushindilia kokoto, kunyoosha chuma kilichopinda kwa jua. Walipokuwa wakiinua reli waliimba Kinyamwezi, mmoja anaanza na wengine wanavuta, na ukiwa mbali hukusikia maneno bali kishindo kile cha mwisho tu. Bibi yangu mzaa baba alisema reli ilikuja kulala juu ya njia ya wapagazi, babu zetu waliobeba pembe kwa miguu hadi pwani, na kwamba hapo hapo penye gengi ndipo walipotua mizigo kupumzika. Kwa hiyo watu walisimama pale hata kabla ya chuma. Hilo nalo nilimwambia afisa. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio.

Nikifumba macho nasikia harufu ya lami ya mataruma jua linapopanda. Juu ya mabati mama alianika matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vipande, nasi tulipanda kuvifukuzia kuku tukarudi tumejaza mashavu. Mvua ya kwanza ikinyesha tuliingia msituni kwenye miyombo kuokota uyoga, na jioni gengi zima lilinuka uyoga na karanga. Usinielewe vibaya, hatukuwa peponi. Maji hayakuwepo. Kisima cha wapagazi kilikauka mapema kila mwaka, kwa hiyo Jumatatu treni ya kwenda Kaliua ilikuja na behewa la maji nyuma, ikasimama. Wanawake walijaza mapipa, na sisi watoto wa shule tulipanda na vifurushi vyetu vya unga. Tulilala kwa shangazi yangu kule stesheni hadi Ijumaa, treni ikaturudisha. Dereva mmoja alikuwa akinitania, "Mke wangu, umemaliza hesabu?" Nami nilimjibu bado, nitakuhesabu wewe meno. Mama alinifinya lakini alicheka.

Baba yangu alikuwa mpiga nyundo. Kila asubuhi, kabla ya treni, alitembea kipande chetu cha njia akigonga reli kwa nyundo ya mpini mrefu. Likizo nilimfuata nimembebea spana. Alinifundisha kusikiliza. Reli nzima, ukiigonga, inalia sauti ndefu inayokwenda mbali. Reli mgonjwa inakohoa. Akimaliza alisimama kando ya njia na bendera ya kijani, dereva akiiona anajua njia ni salama, anapita kwa mwendo wake. Asipoiona ni lazima asimame, mtu ateremke na kutembea mbele ya injini akikagua kwa macho, treni nzima ikimfuata polepole kama ng'ombe anayeongozwa mnadani.

Kisha ofisi ikafanya mageuzi. Neno hilo nililisikia nikiwa na miaka kumi na sijalipenda mpaka leo. Karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa nyapara, mkuu wa gengi, naye akatusomea: treni haitasimama tena kwenye magengi, inapoteza muda. Maji yataletwa na kiberenge, kile kigari kidogo cha wakaguzi. Mapipa mawili. Familia kumi na mbili, mapipa mawili. Watoto wa shule hawakutajwa kabisa, kana kwamba tulikuwa tukipanda treni kwa ndoto.

Mama yangu ndiye aliyesema kwanza. "Wanaume, mnashika reli mchana kutwa, na treni hamwezi kuishika?" Nyapara akasema, "Shemeji, unataka tufungwe." Mama akasema, "Kuna tofauti gani? Jela wanapewa maji."

Wakagoma. Waliweka chini nyundo, spana na mataruma, na wakakubaliana jambo moja, baba akiwemo: bendera ya kijani isionekane mpaka treni irudishiwe kituo. Ulikuwa ujanja mzuri, kwani ofisi imesema treni isisimame, na bila bendera haiwezi kupita bila kusimama.

Siku ya kwanza ilisimama, ikitokea Kaliua kwenda Tabora. Sisi watoto tulipangwa kando ya njia na sare zetu ili wakubwa wa daraja la kwanza watuone. Wanawake waligonga ndoo tupu. Dereva, yule yule wa meno, akatufungulia maji ya injini, ya moto na yenye kutu, tukayanywa hivyo hivyo. Siku hiyo gengi lilikuwa na raha kama ya harusi.

Siku ya pili waendesha treni walikataa kutembea mbele ya injini. Walisema wanamngoja mkaguzi kutoka Tabora. Treni ikakaa hapo tangu saa tatu mpaka jua likaanza kushuka, mabehewa yamejaa watu, mabati yanalia kwa joto, na maji ya injini dereva hakuweza kuyagusa tena. Mwanamke mmoja akateremka daraja la tatu na mtoto mgongoni, akaja mpaka jikoni kwetu. Alikuwa anampeleka hospitali ya Tabora. Mama akainamisha mtungi, yakatoka maji ya nusu kikombe na tope. Nilimgusa yule mtoto mguu. Alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni, na hakulia. Baba alikuwa amekaa kizingitini akitazama. Mkaguzi alifika, treni ikaondoka, na huyo mtoto kama alipona au alikufa hatukujua kamwe.

Asubuhi ya siku ya tatu nilisikia nyundo. Nilidhani naota. Nikatoka nje, na baba alikuwa anarudi kutoka njiani peke yake, jasho limeloanisha shati. Wanaume walitoka mmoja mmoja. Nyapara akamwambia, "Weka chini hiyo bendera." Baba hakuweka. Treni ikatokea, ikaona kijani, ikapiga honi, ikapita mbio mbele ya ndoo zetu na sare zetu. Masizi yake yalituangukia kwenye mashati meupe.

Mwisho wa wiki mkubwa wa ofisi alikuja na kiberenge. Hakuwa amekasirika, alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ningelijua hata leo. Alisema, "Kumbe kipande hiki kinaweza kutunzwa na mtu mmoja." Wakaondolewa wote, huyu akapelekwa huku, yule akaachishwa. Nyapara alipopita mlangoni kwetu na godoro kichwani alitema mate miguuni pa baba. Mama hakumtetea mumewe. Tukabaki nyumba moja kati ya kumi na mbili, pipa moja la maji, baba na nyundo yake. Treni haikusimama tena. Mimi nikarudi kuchota maji kwenye mchanga wa korongo, na darasa la tano wakalisoma wengine.

Nilimkasirikia baba miaka mingi. Siku moja, nimeshaolewa na nina watoto wawili, nilimuuliza kwa nini. Akaniuliza, "Yule mtoto ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi."

"Na mimi, baba, hukuniona?"

Akainuka, akachukua nyundo, akaenda njiani, na saa ile haikuwa ya kazi. Hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka tukamzika.

Haya yote nilimweleza afisa, kwa ufupi, naye akaniuliza kwa heshima kama nina karatasi yoyote. Karatasi. Mjukuu wangu alikuwa amesimama pembeni na sare yake, anatazama viatu. Nikamwambia afisa, "Karatasi sina. Njoo nikuonyeshe baba yangu alikuwa anafanya nini." Nikaokota jiwe, nikaanza kugonga reli nikitembea na fimbo yangu, wanakijiji nyuma yangu wakichekacheka. Chuma kikalia vizuri, sauti ndefu. Nikagonga mbele kidogo, kikalia. Nilipofika kiungio cha tatu kikakohoa.

Nikagonga tena. Kikakohoa tena.

Nitakuambia kweli, mwenzangu. Jambo la kwanza lililonijia ni kunyamaza. Nilisema moyoni, acha wajisikilizie wenyewe, si wana simu na kumbukumbu, si walisema watu wa nyundo hawahitajiki. Treni ilikuwa inakuja saa nane mchana. Nilisimama pale na jiwe mkononi, na hasira za miaka yote zimenijaa, na nilichokihisi mkononi ni ule mguu wa mtoto, wa moto, ambao haukustuka nilipougusa.

"Hapa pana ugonjwa," nikasema.

"Wapi, bibi?"

"Hapo ulipoweka kiatu."

Akapiga magoti, akafukua kokoto. Bamba la kuunganisha reli lilikuwa limepasuka, na nati moja haipo. Hakuniuliza tena karatasi. Alipiga simu, sauti imebadilika, na saa nane treni ikaja taratibu ikasimama. Ilisimama Gengi Nane, mwenzangu, behewa la tatu sawasawa na mafiga ya mama yangu. Vichwa vikatokeza madirishani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya karanga akaniita, "Shikamoo bibi. Kituo gani hiki?"

Afisa alikuwa karibu, nami nikajibu kwa sauti ya kumfikia. "Marahaba. Gengi Nane, mwanangu. Uliza mtu yeyote."

Mafundi walikuja, wakafunga bamba jipya, treni ikaenda. Afisa alinishukuru, akaandika habari ya bamba kirefu. Habari ya kituo alisema ataipeleka juu. Juu huko ndiko ilikokwenda hata barua ya nyapara enzi za mgomo, isirudi.

Jumatatu iliyofuata binti yangu alinipigia simu. Treni imepita, mama, imepita kwa mwendo wake. Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akasema yuko hapa kando ya njia, na begi lake.

Wale waliokuwa wakiimba wakiinua reli wamekufa. Behewa la maji halipo, shangazi yangu na nyumba yake kule stesheni hawapo, na siku hizi sijui ni nani anayetembea na nyundo. Nilipoulizia niliambiwa kazi hiyo iko, lakini sikuonyeshwa mtu. Baba sijamsamehe. Ila sasa najua mkono wake ulikuwa mzito kiasi gani alipoinua ile bendera, na hilo limeniongezea hasira badala ya kunipunguzia, kwa sababu wale waliopita salama mbele yetu hawakuwahi kugeuka nyuma kuangalia nani ameachwa.

Mjukuu wangu amelitaka daftari lake. Nimemwambia atalipata nikimaliza, na kazi yake ya kwanza ni kunakili haya kwa mwandiko wake mzuri, kisha nitakwenda naye Tabora mjini mpaka kwenye meza ya yule afisa, mtoto akiwa na sare. Afisa aliulizia karatasi, na hii ndiyo karatasi. Kushona atajifunza likizo.