Gari Lililogoma Kuzimika Mpitimbi

Nilikwenda Mpitimbi kuposa. Nasema mapema ili asiwepo wa kudhani nilikwenda kutembea. Mzee Haule, baba yake Gaudensia, alikuwa amesikia kwamba mchumba wa binti yake ni fundi cherehani wa Bombambili, Songea mjini, akatuma neno: "Siku hizi watu wote wanavaa mitumba. Huyo anamshonea nani? Aje nimwone."

Neno hilo liliniuma, maana lilikuwa la kweli. Tangu biashara ya nje ifunguliwe na marobota ya mitumba yaanze kushushwa sokoni, cherehani yangu ilikuwa imelala, na muda wangu wote niliumalizia kwenye gari.

Gari lenyewe ni lile la mgongo wa kobe, injini nyuma, halina rejeta, linapozwa na upepo tu. Lilikuwa limenizidi umri. Biashara hiyohiyo iliyoninyima kazi ilileta na vipuri, kwa hiyo niling'oa kabureta yake moja ndogo ya kulisha injini petroli, nikafunga mbili kubwa, zilizotoka kwenye gari la aina nyingine kabisa. Nilitaka Mzee Haule anisikie kabla hajaniona.

Jumamosi asubuhi, Bombambili. Baba mdogo Otmari, mshenga wangu, alifika amevaa koti, jogoo wa zawadi kwapani.

"Limepona?" akauliza, akiliangalia gari kwa mbali.

"Baba mdogo, halijawahi kuumwa!"

Nikafungua nyuma, nikaigeuza distribyuta kidogo ili cheche iwahi na gari lipate nguvu. Wenzangu hutumia taa ya kupimia cheche na alama iliyo kwenye puli. Mimi? Mimi nasikia cherehani ikikosea mshono mmoja nikiwa chumba cha pili, taa ya nini! Nilisikiliza, nikaridhika, nikafunga.

Tulipouacha mji, milima ya Matogoro ikiwa kushoto kwetu, mambo yalikuwa mazuri. Shida ilianza kwenye mlima wa kwanza. Injini ikagonga, ko-ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira.

"Nani huyo?" akauliza baba mdogo.

"Cheche imewahi mno. Nitaichelewesha."

Nikasimama, nikaigeuza distribyuta upande wa pili, tena kwa sikio. Baba mdogo alitumia nafasi hiyo kumwamkia kila mzee aliyepita na kumweleza tunakokwenda, mpaka nikaona aibu. Kugonga kukaisha. Gari likapanda polepole, likinuka joto, na kila tulipoteremka lilipiga baruti nyuma, pwaa! Jogoo akajisaidia kwenye koti. Mimi nilikuwa nikipiga mluzi.

Mchana tukaingia Mpitimbi. Wazee walikuwa wamekaa uani, Mzee Haule katikati, kofia magotini.

Hapa nieleze jambo moja. Siku ya posa binti hukaa ndani. Mshenga akishasema yake, ndipo binti huitwa na kuulizwa mbele ya wote kama anawafahamu wageni hawa, na jibu lake ndilo linaloijenga posa au kuibomoa. Mzee Haule alijua kwamba mimi na Gaudensia tulionana kwenye kwaya tu. Hakujua kwamba binti yake, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mjini, alikuwa akifundishwa kuendesha gari jioni, barabara ya Matogoro, na fundi cherehani.

Nikazima gari, nikachomoa ufunguo, nikashuka kwa heshima.

Gari likaendelea.

"Shikamooni wazee," nikasema.

"Pwaa!" likasema gari.

Injini iliyochemka namna ile haingoji cheche, petroli inajiwakia yenyewe humo ndani. Dawa yake naijua. Lakini mbele ya wakwe nilisahau hata jina langu. Baba mdogo akaanza, "Wazee wetu, tumekuja na neno..." Pwaa! Akaanza upya. Pwaa! Kuku wa pale wakakimbilia mahindini, na jogoo wetu akawafuata.

Mzee Haule akautazama ufunguo mkononi mwangu. "Kijana, sasa huo kazi yake nini?"

Nikauficha mfukoni. Nilimpenda Gaudensia jamani, na nilikuwa nampoteza kwa sababu ya kabureta mbili.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Gaudensia alitoka, hajaitwa na mtu, kanga mpya kiunoni, akapita katikati ya wazee, akaingia kwenye gari. Akatia gia ya nne, akakanyaga breki, akaachia klachi. Injini ikabanwa, gari likatikisika mara moja, likanyamaza. Kimya kile sitakisahau.

Mama yake akashika mdomo. Mzee Haule akavaa kofia, akaivua tena.

"Gaudensia. Unawafahamu wageni hawa?"

Akainamisha uso. "Baba, gari nalifahamu."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akashikilia mbavu. Mzee Haule hakucheka. Alinitazama, nami nikaanza kuhesabu hatua za kurudi mjini.

"Nilitaka kujua kama huyu ana kazi," akasema hatimaye. "Hana, ndiyo maana ana muda wa kuharibu injini. Kuwasha anajua, kuzima hajui. Binti yangu anajua kuzima." Akamgeukia mshenga wangu. "Basi wakae pamoja. Peke yake huyu ataunguza mji."

Tukala ugali na likolo, mboga ya majani ya maboga. Jogoo hakupatikana.

Jumapili nilirudi Songea taratibu, baba mdogo akiwa amekaa kiti cha nyuma kwa usalama wake, kasahau kwamba injini iko hukohuko. Nilirudisha kabureta ya zamani, nikaazima taa ya kupimia, nikaseti cheche kwenye alama kama watu wengine.

Nilichojifunza ni hiki: ukichomoa ufunguo na gari likaendelea, tia gia ya nne, kanyaga breki, achia klachi. Ukisahau, mwite mke wako. Mimi humwita.