Kidonda Kisichouma

Nauza dawa sokoni Tala, na ujinga wangu nimekuwa nikiuita uzoefu.

Miezi kadhaa iliyopita, Mutiso wa boda boda alininong'onezea kwamba ana kidonda sehemu za siri. Kilikuwa kimoja, kigumu ukingoni, na hakimuumi.

"Kama hakiumi si ugonjwa," nilimwambia. "Ni kiti cha pikipiki kinakuchubua."

Nikampa mafuta ya kupaka. Kidonda kikapona, nami nikajisifu. Aliporudi na vipele kwenye viganja, nilimwambia abadilishe sabuni. Debe tupu kama mimi haliachi kuvuma.

Jana alinipigia simu. Mkewe Mwende, mjamzito, alikuwa amepimwa damu kliniki akapatikana na kaswende, na Mutiso alikuwa akimlaumu yeye. Alitaka niende nimhakikishie nesi kwamba yeye Mutiso ni mzima. Nilivaa koti jeupe nikaenda.

Nesi alitazama viganja vya Mutiso. "Kuna wakati ulikuwa na kidonda kisichouma?"

"Ndio, lakini kilipona."

"Kaswende huanza hivyo. Kidonda hufunga chenyewe, ugonjwa unabaki kwa damu."

Mwende, macho yamevimba kwa kulia, aliuliza, "Na mtoto?"

"Mkidungwa sindano leo nyote wawili, tuko na matumaini mazuri," nesi alisema, kisha akamgeukia Mutiso. "Nani alikwambia si ugonjwa?"

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango Mutiso aliponinyooshea kidole.